Jinsi ya Kulielewa Neno la Kiingereza "Mum" Lenye Maana ya Kimya

Ukitaka kulielewa neno hili, anza na mdomo wako mwenyewe kabla hujafungua kamusi: fumba midomo, kisha jaribu kusema jambo. Sauti pekee itakayotoka, tena kupitia puani, ni "mmm", na humo ndimo Waingereza walimolitoa neno "mum", ambalo tangu karne ya 14 limetaja sauti ya mtu aliyefumba midomo na, kwa hiyo, kunyamaza kwenyewe. "Mumble", yaani kumung'unya maneno, ni ndugu yake.

Hatua inayofuata, ambayo wanafunzi wengi huiruka, ni kulitenganisha na "mum" lenye maana ya mama, kwa kuwa hayo ni maneno mawili yenye asili tofauti yaliyokutana katika tahajia na matamshi tu. Serikali ya Uingereza iliutumia mfanano huo mwaka 1940, katika bango la wakati wa vita lililowahimiza raia wawe kama baba na "keep mum": wafunge vinywa, lakini pia wamtunze mama.

Unapolitumia, zingatia kwamba si kila kimya huitwa hivyo. Usiku uliotulia kama maji ya mtungini hauitwi "mum". Mtu anayeijua siri na hataki kuitoa ndiye hasa anayestahili neno hilo. Kwa sababu hiyo "mum's the word" litafsiri kwa "usimwambie mtu", wala usijaribu kulifasiri neno kwa neno.