Kibali cha mashindano ya bastola Tanga: anza na tuta, barua ifuate

Mwongozo huu ni wa klabu inayotaka kuandaa mashindano ya bastola ya aina ya IPSC (shirikisho la kimataifa la mchezo huu), yale ya kukimbia, kugeuka na kufyatua huku taimeri ikihesabu, hapa mkoani Tanga. Nachukulia kwamba unajua kuandika barua rasmi, kila mwanachama ana leseni hai ya silaha yake, na klabu imekwisha kusajiliwa kupitia afisa michezo hadi kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kama usajili bado, malizeni huo kwanza. Hakuna ofisi itakayoipa uzito barua ya kundi la marafiki wenye bastola.

Hatua nyingi ni za kawaida. Zilizotula fedha na muda ni mbili, uwanja na orodha ya silaha, na hizo ndizo nitakazozieleza kwa kirefu.

Uwanja

Wengi huanza na barua. Barua isiyo na uwanja uliokwisha kuandaliwa haifiki mbali, kwa sababu swali la kwanza la polisi ni risasi zitaishia wapi. Kwa Tanga, eneo linalopatikana kwa urahisi ni machimbo ya chokaa yaliyoachwa, upande wa Amboni au Pongwe. Ukuta wa machimbo unavutia: ni mrefu, ni mpana, na mara nyingi nyuma yake hakuna nyumba. Lakini jiwe la chokaa huirudisha risasi, au huipasua vipande vinavyoruka pembeni. Kinachomeza risasi ni udongo, kwa hiyo mbele ya ukuta huo lazima mjenge tuta.

Hapo ndipo fedha zetu zilipoteketea. Dereva wa trekta tuliyekodi alisukuma kifusi cha machimbo, akakirundika vizuri, akalisawazisha tuta likapendeza kwa macho. Siku ya ukaguzi afande aliyekuja aliuliza swali moja tu: "Hawa watafyatua kuelekea wapi?" Tukampeleka. Akaokota kijiti, akakichomeka kwenye tuta, kikakwama. Akachomeka pengine, kikakwama tena. Akafukua kwa mkono na kutoa jiwe la ukubwa wa ngumi, akanikabidhi. Ukaguzi ukaishia hapo. Alikuwa na haki kabisa, na tangu siku ile kijiti ndicho kipimo changu: kisipozama, tuta halijawa tuta.

Kwa hiyo mkubaliane na mwenye trekta kabla ya kulipa kwamba udongo utatoka nje ya machimbo, uwe mwekundu usio na mawe, na kwamba juu ya kifusi cha zamani utalala unene wa kutosha. Simameni pale mkiona kila shehena inavyomwagwa. Tuta liwe refu kupita shabaha ya juu kabisa kwa kiasi kikubwa, na kila upande liwe na mbawa zinazokuja mbele, maana katika mchezo huu mpigaji hasimami mahali pamoja. Risasi ya pembeni lazima nayo ikute udongo.

Kisha zungukeni nyuma kwa miguu. Machimbo ya huku yana njia za baiskeli za wabeba mkaa, wachungaji wa mbuzi na akina mama wanaoponda kokoto. Mchoro wa uwanja utakaoambatanisha na barua uonyeshe njia hizo zote, na kwenye kila moja uonyeshe nani atasimama na bendera nyekundu. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua njia ambazo ninyi hamtaziona. Mwendeeni mapema, mumwamkie kwa heshima, mtembee naye eneo zima. Sahihi yake na ya mwenye eneo zitangulie nyingine zote kwenye jalada lenu.

Barua na viambatisho

Barua inaandikwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kwa Mkuu wa Wilaya ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na kwa afisa michezo. Utasikia watu wakisema taarifa ya saa 48 inatosha. Saa hizo ni za mikutano na maandamano. Hapa mnakusanya silaha nyingi mahali pamoja chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ukaguzi pekee unahitaji nafasi. Anzeni miezi kadhaa kabla.

Aya moja ieleze mchezo wenyewe, kwa sababu anayeisoma huenda hajawahi kuuona. Andikeni kwamba shirikisho hilo la kimataifa, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Marekani, chini ya rais wa kwanza Jeff Cooper, na kwamba kanuni zake zimechapishwa. Ambatanisheni kurasa za kanuni za usalama, mkizitafsiri kwa Kiswahili. Kwetu tafsiri hiyo ilifanya kazi kuliko maelezo yote ya mdomo.

Sasa orodha ya silaha. Kila mshiriki aandikwe jina kama lilivyo kwenye leseni, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), namba ya leseni, aina ya bastola, kipenyo cha risasi na namba ya silaha. Namba hiyo msiipokee kwa ujumbe wa simu. Kaeni na bastola tupu na leseni mezani, msome herufi kwa herufi. Baadhi ya bastola zina namba kwenye kiunzi, kwenye mtutu na kwenye kifuniko cha juu, na zikiwa zimebadilishwa vipuri hazifanani. Inayoandikwa ni ile iliyo kwenye leseni. Angalieni sifuri na herufi O, na moja na herufi I. Ofisi moja ilipokea jalada letu, ikaligonga muhuri, likakaa huko muda mrefu, halafu likarudishwa lote kwa sababu ya tarakimu chache za watu wawili. Hakuna aliyepiga simu. Tangu hapo sisi huomba jina na namba ya simu ya anayepokea jalada, na humpigia kwa adabu kila wiki.

Idadi ya risasi itaulizwa, na msiijibu kwa kukisia. Kanuni zinagawa steji, yaani kila zoezi la kupiga linalopewa alama zake peke yake, katika fupi isiyozidi risasi 12, ya kati isiyozidi 24 na ndefu isiyozidi 32, kwa uwiano wa fupi tatu, za kati mbili, ndefu moja. Hesabu yake: 36 na 48 na 32, jumla 116 kwa mpigaji mmoja akipiga bila kurudia. Watu hukosa na kurudia, kwa hiyo andikeni 150. Washiriki 20 ni risasi 3,000. Hesabu ikionekana kwenye karatasi namna hiyo, mjadala huisha.

Malipo yoyote ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Ukitajiwa kiasi cha kutoa mkononi, omba kontroo namba, kisha hifadhi risiti kwenye jalada.

Wageni kutoka Mombasa ni ombi jingine kabisa. Silaha haivuki mpaka wa Horohoro kwa barua ya mwaliko. Inahitaji vibali vya pande zote mbili kabla haijaondoka nyumbani, kwa hiyo ombi hilo litangulie lile la mashindano. Na vibali visipofika kwa wakati, msimwazime mgeni bastola ya mwanachama. Leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake.

Waamuzi

Kibali kinataka majina yao, nami nasema hawa ndio mashindano yenyewe. Mnahitaji mkurugenzi wa mashindano, mwamuzi mkuu mwenye mamlaka juu ya uwanja wote, waamuzi wawili kwa kila steji (mmoja wa taimeri, mwingine wa kuandika alama) na mtakwimu mmoja wa kujumlisha matokeo. Mwenye taimeri hatazami shabaha. Anatazama bastola na kidole, akiwa nyuma kidogo ya mpigaji upande wa mkono wa silaha, karibu kiasi cha kuweza kumshika.

Zoezeni mfuatano wa amri mpaka utoke bila kufikiri: jaza na ujiandae, uko tayari, kaa sawa, kisha mlio wa taimeri ndani ya sekunde moja hadi nne. Mwishoni: kama umemaliza, toa risasi na uonyeshe chemba tupu, funga, fyatua kavu (bila risasi), rudisha kwenye ala. Baada ya hapo tu ndipo uwanja unatangazwa salama na watu wanasogea kwenye shabaha.

Yanayomtoa mtu mashindanoni papo hapo yasemwe asubuhi mbele ya wote: risasi kutoka bila kukusudiwa, bastola kuanguka, mtutu kuvuka digrii 90 kutoka mwelekeo wa tuta, kidole kubaki ndani ya kinga ya triga wakati wa kukimbia au kubadili magazini, na kushika silaha nje ya eneo la usalama bila amri ya mwamuzi. Kwenye eneo la usalama unaweza kushika bastola, lakini risasi haziguswi hapo hata moja. Mwamuzi asiyeweza kumtoa mwenyekiti wa klabu yake asipewe taimeri. Anayepinga uamuzi ana saa moja ya kuwasilisha rufaa kwa maandishi, nayo husikilizwa na kamati ya watu watatu.

Alama pia zifafanuliwe kwa mfano, maana washiriki wapya hudhani kasi ndiyo kila kitu. Shabaha ina kanda: ya A ni pointi 5, C ni 3 na D ni 1 kwa risasi za nguvu ndogo; kukosa shabaha au kuvunja utaratibu ni kupunguziwa 10. Jumla hugawanywa kwa sekunde. Kwenye steji ya risasi 24, mtu mwenye A 18, C 5 na D 1 ana pointi 106. Akitumia sekunde 20 anapata 5.30. Mwenye A tupu ana 120. Kwa sekunde 24 anapata 5.00. Wa kwanza anashinda. Lakini akikanyaga nje ya mstari mara moja anashuka hadi 96, yaani 4.80, na ushindi umekwenda.

Siku yenyewe

Epukeni masika, tuta likilowa hubomoka. Kuanzia Juni mvua imepungua lakini kusi inavuma, na shabaha za maboksi zitalala chini msipofunga fremu kwa kamba ya mkonge kwenye vigingi. Shabaha za chuma zisiwe karibu kuliko mita 7. Sisi huweka 10. Miwani na viziba masikio ni kwa kila aliyepo, pamoja na afande aliyekuja kusimamia, kwa hiyo nunueni ziada. Gari la wagonjwa likae limeelekea barabarani, na dereva awe amekwisha kuipita njia ya kwenda hospitali ya Bombo siku ya kabla.

Jioni hesabuni risasi zilizobaki mbele ya afande, kila mshiriki atie sahihi yake, maganda yaokotwe yote. Taarifa fupi ifike kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ndani ya wiki hiyo, ikiwa na hesabu hizo, majina ya waliotolewa na sababu zake. Iandikwe namba ya kumbukumbu ya kibali, na namba hiyo hiyo muitaje kwenye mstari wa kwanza wa ombi lenu la mwaka unaofuata.