Mkopo wa chuo: namna ya kumwandaa mhitimu wa kidato cha sita Kigoma na Tabora

Watoto wa maskini wanaonyimwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) mara nyingi huangushwa na karatasi. Kwa hiyo mwalimu, shangazi au jirani anayetaka kusaidia aanze kabla ya mtihani wa Mei, asingoje matokeo ya Julai. Kuna na mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa): kijana akishaingia kambi ya Bulombora, Mtabila au Msange, dirisha la maombi linaweza kufunguliwa yeye yuko kwenye gwaride, simu hana.

Anza na majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha nne, usome herufi kwa herufi. Cheti kinasema Yusufu Hamisi Bakari, shule ilimsajili Yusuph Khamis Bakari. Nyumbani watakwambia ni jina lile lile, mfumo hautakubali. Cheti cha kuzaliwa ndicho kirekebishwe, kupitia ofisi ya RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) wilayani, kifuate jina la NECTA (Baraza la Mitihani), maana la NECTA kulibadili baada ya mtihani ni shughuli pevu. Tofauti ikiwa kubwa, kwa mfano jina la ukoo limekaa mahali pa jina la baba, mwoneni wakili awaandalie hati ya kubadili jina.

Kuwa na cheti pia hakutoshi. Lazima kihakikiwe na RITA: unapakia nakala mtandaoni, unalipia kwa kumbukumbu namba, unasubiri majibu. Vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono husumbua zaidi, na siku za mwisho foleni huwa ndefu. Mtoto aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vilevile. Vijijini wengi tumezika bila kusajili. Mwende kwa mtendaji wa kijiji mapema mkaanze usajili uliochelewa. Kaya iliyo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iandike namba yake ya kaya, na mwenye ulemavu apate fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Hivi ndivyo vinavyoonyesha uhitaji, kwa hiyo msiviache kwa aibu.

Sasa steshenari. Huyu ndiye mharibifu mkuu. Kijana wa kompyuta anajaza fomu kwa namba yake ya simu na barua pepe yake, kesho kutwa hakumbuki nywila ya nani ni ipi. Fungua barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe, iandike daftarini pamoja na nywila, na laini ya simu ibaki kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma meseji: ujumbe wa Bodi huja humo, na namba ya siri ya kuthibitisha chuo kwa aliyechaguliwa zaidi ya kimoja pia.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ile ile kwenye maombi ya chuo na ya mkopo. Aliyerudia mtihani ataje namba zote.

Fomu ikishachapishwa inahitaji saini ya serikali ya kijiji au mtaa, ya mdhamini mwenye kitambulisho, na muhuri wa wakili au hakimu. Jirani na nyumbani, hakimu wa mahakama ya mwanzo huwa nafuu kuliko wakili wa mjini. Saini ya mtendaji haiuzwi. Ukipakia kurasa zilizosainiwa, tumia skana. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono huficha muhuri. Anayetoka mwambao wa Uvinza, kama Buhingu, akusanye saini zote kabla ya kupanda boti, la sivyo atarudi kwa ajili ya muhuri mmoja.

Mkopo ukitoka, bumu, yaani fedha ya kujikimu, haliji siku ya kufika. Mwanafunzi husaini kwanza akiwa chuoni, ndipo fedha ziingie kwenye akaunti yake, kwa hiyo familia itenge nauli na chakula cha wiki kadhaa. Akikosa, asubiri dirisha la rufaa na aweke kielelezo kilichokosekana mwanzo, si barua ya kulalamika.