Jinsi ya kukagua ukungu ndani ya nyumba: tafuta maji kwanza

Nikiitwa kukagua nyumba yenye ukungu, mwenyeji hunipokea mlangoni na swali lilelile: "Huu si ule mweusi wenye sumu?" Nami humuuliza: "Mlianza kuuona lini, na siku hizo kulikuwa na nini?" Rangi ya ukungu haisemi mengi. Mbegu zake, ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho, zimo hewani katika kila jengo, liwe safi au chafu. Kinachozifanya ziote ni maji. Ukungu ni nyayo tu. Anayetafutwa ni maji.

Beba tochi, bisibisi, penseli, kipande cha nailoni, selotepu, kipima unyevu wa hewa na, ukiweza kukipata, kipima unyevu wa kuta. Vaa glavu na barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, kabla ya kubandua chochote. Mwenye pumu au kinga dhaifu ya mwili amwachie mwingine kazi hii.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa

Kaa na wanaoishi humo. Je, paa liliwahi kuvuja? Bomba lilipasuka lini, na palikaushwa kwa muda gani? Kitu kilicholowa kikikauka ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu haupati nafasi. Kikikaa wiki nzima chini ya zulia, hata usibishane. Uliza pia nguo zinaanikwa wapi, madirisha hufunguliwa saa ngapi, na nani anakohoa au kupiga chafya akiwa ndani kisha anapata nafuu akitoka. Hilo la mwisho si uthibitisho, ila hunionyesha chumba cha kuanzia.

Hatua ya 2: Zunguka nje

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayonipa majibu mengi kuliko zote. Tazama mifereji ya paa: imeziba? Maji yake yanamwagika wapi? Udongo umepanda kiasi gani ukutani, na mteremko unayapeleka maji mbali na nyumba au unayarudisha? Angalia nyufa, kingo za madirisha, na kila mahali bomba linapopenya ukuta. Tia alama kwenye mchoro wako, ili ukiingia ndani ujue upande wa pili wa kila ukuta kuna nini.

Hatua ya 3: Ingia na pua yako

Mkaguzi mzuri huingia kabla madirisha hayajafunguliwa. Harufu ya uvundo ikikupokea na macho hayaoni kitu, amini pua. Fanya haraka lakini, maana baada ya dakika chache pua huizoea na kunyamaza.

Kisha zima taa na ulaze tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga uambae juu yake. Rangi iliyovimba, lipu iliyotuna, madoa yaliyofichwa na rangi mpya, vyote hujitokeza kwa vivuli vyao. Sogeza makabati yaliyobanwa kwenye kuta za nje. Fungua chini ya sinki, inua pembe ya zulia, chungulia juu ya dari. Mbao na fremu za milango zichome kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, mbao imeoza.

Hatua ya 4: Hakikisha ni ukungu kweli

Vumbi la moshi na chumvi ya ukutani vimewahi kuwatia watu gharama za bure. Chumvi ni nyeupe, hupukutika ukiikwaruza, na huyeyuka ukiidondoshea maji, ukungu hauyeyuki. Doa jeusi lijaribu kwa tone la dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, huenda ni ukungu. Likibaki jeusi, yaelekea ni uchafu tu. Dawa hiyo usiichanganye kamwe na sabuni yenye amonia wala asidi. Hutoa gesi ya hatari.

Hata hivyo usiipuuze chumvi. Imeletwa juu ya ukuta na maji, kwa hiyo nayo ni shahidi.

Hatua ya 5: Soma umbo la doa

Hapa tumia muda wako wote. Doa linaloanzia sakafuni na kuishia chini ya mita moja hivi, likiwa na mstari wa chumvi juu yake, laelekea ni maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Duara lenye kingo za kahawia darini ni uvujaji. Vidoa vilivyotawanyika kwenye pembe za juu, kuzunguka dirisha au nyuma ya kabati, mara nyingi ni jasho la ukuta: hewa yenye unyevu imekutana na ukuta uliopoa. Chumba chenye nyuzi joto 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 60 kitatoa jasho popote palipo na nyuzi 17 au chini ya hapo. Nao ukungu hausubiri matone. Uso wa ukuta ukikaa na unyevu wa asilimia 80 kwa muda mrefu, huo unautosha.

Ukishindwa kutofautisha, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache siku nzima. Matone yakiwa chini ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu yake, yanatoka hewani. Kwa mabomba, funga koki zote, andika namba ya mita ya maji, rudi baada ya saa moja bila mtu kutumia maji. Mita ikisogea, kuna mahali panavuja.

Niliwahi kuitwa kwenye chumba cha mtoto kilichopakwa rangi mara tatu, na kila mara ukungu ukarudi palepale, juu kidogo ya sakafu. Kila fundi alisema ni msingi. Lakini ukuta wa pili wa chumba hichohicho, uliosimama juu ya msingi uleule, ulikuwa mkavu. Upande wa nyuma kulikuwa na bafu. Tulifungulia maji sakafuni humo kwa nusu saa, nami nikiwa nimepiga magoti chumbani na kipimo ukutani. Namba ikaanza kupanda. Saruji ya kati ya vigae, kwenye kona ya bafu, ilikuwa na ufa usiozidi unene wa ukucha.

Hatua ya 6: Pima, ila usikiabudu kipimo

Unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 60. Kati ya 30 na 50 ni bora zaidi. Kiache kipimo chumbani usiku kucha, kwani cha mchana hudanganya. Kipima kuta nacho hudanganywa na chumvi na vyuma vilivyofichika, kwa hiyo anzia sehemu unayojua ni kavu, kisha linganisha. Kamera ya joto huonyesha ubaridi, si maji. Ikikuonyesha doa, lithibitishe kwa kipima kuta.

Hatua ya 7: Sampuli za maabara?

Mara nyingi, hapana. Ukungu ukiuona, umeshauona. Jina lake la kisayansi halibadilishi tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 haukuweka kiwango cha ukungu kinachoruhusiwa, kwa hiyo tarakimu za maabara huna cha kuzilinganisha nacho. Na huo "mweusi wenye sumu" ulipata sifa katika miaka ya 1990 ulipohusishwa na watoto wachanga waliovuja damu mapafuni kule Cleveland, Marekani. Mwaka 2000 wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walipitia upya uchunguzi huo wakasema uhusiano haukuthibitishwa. Pumu, mzio na kikohozi vinatosha kuwa sababu ya kuuondoa, uwe mweusi au wa kijani.

Hatua ya 8: Pima ukubwa, andika, rudi

Eneo lisilozidi mita moja ya mraba, mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe kwa sabuni na maji, kisha alikaushe kabisa. Likizidi hapo, au kama maji yalikuwa ya choo, itisha wenye ujuzi. Dari za jipsamu na mazulia yaliyoota ukungu kwa kawaida hutupwa. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuufunika shuka.

Kwenye ripoti andika kila doa, ukubwa wake, kipimo, na chanzo unachokishuku, pamoja na picha. Zungushia doa mstari wa penseli na tarehe. Fundi akimaliza kuziba chanzo, pima tena kabla rangi haijapakwa, kisha rudi baada ya mvua kubwa ya kwanza, upime ndani ya mstari uleule.