Namna ya Kuongoza Ibada ya Nyumbani Juu ya Hukumu ya Mungu na Neema Itakasayo

Wazazi wengi huliruka somo la hukumu katika ibada ya nyumbani kwa kuhofia kuwatisha watoto, na wengine hulifundisha peke yake hata watoto wakamwona Mungu kama askari anayewavizia. Dawa ya makosa yote mawili ni kifungu cha Malaki 2:17 hadi 3:6, kwa sababu humo anayehukumu na anayetakasa ni mmoja.

Kabla ya kuikusanya familia, kisome kifungu hicho peke yako kwa siku mbili tatu. Mstari wa 5 wa sura ya 3 unawataja wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na papo hapo unawataja wanaomdhulumu kibarua ujira wake na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Ikiwa yuko mtu aliyekufanyia kazi nawe hujamlipa, mlipe kwanza, kwa maana watoto huyaona hayo kabla hujafungua Biblia.

Wakati wa ibada ukifika, imbeni wimbo mmoja, ombeni kwa kifupi, kisha someni kwa kupokezana. Anza na lile swali la watu wa Malaki: yuko wapi Mungu mwenye kuhukumu? Waulize watoto kama wamewahi kumwona mnyonge akionewa wakatamani mtu aingilie kati. Mtoto akishaelewa kwamba hukumu ni tumaini la aliyeonewa, ataweza kusikia bila hofu ya kupooza kwamba hukumu hiyo humfikia naye pia.

Kisha kaeni kwenye picha mbili za mstari wa 2 na wa 3, yaani moto wa msafishaji wa fedha na sabuni ya mfuaji wa nguo. Kwa watoto wadogo sabuni inatosha: fueni pamoja kitambaa chenye doa, waone kwamba anayekisugua anakitaka kitambaa, asichokitaka ni doa. Wakubwa waeleze kwamba fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi, na kwamba moto huo wote ni wa kuitenga na takataka zake. Neno la kulitilia mkazo ni "ataketi", kwa kuwa msafishaji haondoki na kuiacha fedha motoni. Ile simulizi ipendwayo, kwamba hungoja hadi auone uso wake ndani ya fedha, haimo katika Malaki, nami nashauri iachwe.

Mstari wa 6 ndio mlango wa neema: wana wa Yakobo hawakuangamizwa kwa sababu Bwana habadiliki. Kutoka hapo nendeni Warumi 8:1 na 1 Yohana 1:7-9, ukiwaambia waziwazi kwamba aliye ndani ya Kristo hana tena hukumu ya adhabu, kwani Yesu aliibeba msalabani, na kwamba moto uliobaki ni malezi ya Baba, kama Waebrania 12:5-11 inavyofundisha. Ongeza, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa, kwamba si kila teso hutokana na dhambi ya anayeteseka. Yesu alilikataa wazo hilo katika Yohana 9:3.

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni kuungama. Mzazi atangulie, ataje kosa moja halisi, kwa mfano ukali usio wa haki aliomtendea mtoto, na amwombe huyo mtoto msamaha mbele ya wote. Asimlazimishe yeyote kusema, wala asichague somo hili jioni ambayo mtoto fulani amekosea, maana ibada itageuka kiboko. Jambo lililoungamwa hapo lisirudishwe kesho yake katika karipio. Mtoto akilisikia tena, atajifunza kwamba msamaha wa 1 Yohana 1:9 ni maneno tu.

Jioni inayofuata someni Zaburi ya 51, ambayo Daudi aliomba baada ya nabii Nathani kumkemea, na kila mmoja achague mstari mmoja wa kuuomba kwa maneno yake mwenyewe.