Ukilipenda kabila la kwenye gemu mpaka linakuliza, fanya hivi

Hii nawaandikia wale waliowahi kuzima kompyuta saa nane usiku koo limekaba, kisa ni watu ambao hawajawahi kuzaliwa na nchi ambayo hakuna basi linaloenda. Najua mpo. Hapa Tanga peke yake, kwenye banda la gemu la Ngamiani ninaloendaga jioni, nimeshawapata watatu, mmoja wa World of Warcraft, mmoja wa Final Fantasy, na mmoja ambaye hakutaka kabisa kusema mpaka tulipokuwa tunarudi Makorora kwa miguu ndo akafunguka, akaongea njia nzima.

Mimi wangu ni Wadunmer, wa kwenye Morrowind, gemu lililotoka Mei 2002. Kwa asiyewajua, ni watu wenye ngozi ya rangi ya jivu na macho mekundu, wanakaa kisiwa kinaitwa Vvardenfell chenye volkano katikati, wanaheshimu sana mizimu ya mababu zao, mji wao mmoja una jumba ndani ya gamba la kaa mkubwa aliyekufa zamani, na wachawi wao wanaishi ndani ya uyoga mrefu kuliko mnazi. Mgeni wanamwita n'wah, ni tusi hilo, na unapoanza gemu n'wah ni wewe, mfungwa umeshushwa na meli kwenye kijiji cha Seyda Neen huna kitu mkononi. Ukikaa nao, ukawafanyia kazi, ukawajua, kuna siku mtu anakuita muthsera, yaani anakuheshimu. Mimi siku hiyo nilisimama tu palepale barabarani, sikuendelea na misheni, nikawa naangalia vumbi la majivu linapita.

Sasa, ukishajikuta hivo, cha kwanza usikimbilie kumweleza mtu. Jua kwanza unachokipenda ni nini hasa. Njia yangu ni hii, toa vita vyote kichwani, toa mapanga, toa kupanda levo, halafu jiulize ungerudi kufanya nini kule. Jibu linakuja lenyewe. Langu lilikuwa kuuliza njia. Kwenye Morrowind hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda, mtu anakwambia fuata mto, ukifika darajani pinda kushoto, utaona mawe mawili, na wakati mwingine anakuelekeza vibaya unazunguka mlima mzima. Ndivo tunavyoelekezana huku, nenda mpaka kwenye mwembe, ukiupita uliza nyumba ya fulani. Nilipogundua hilo nikaelewa kwa nini gemu zingine zenye picha nzuri mara kumi hazinishiki.

Halafu tembea kwa miguu. Hili nalisisitiza kuliko yote mana watu wanalidharau. Gemu nyingi siku hizi unabonyeza ramani unatokea mji mwingine, acha kabisa huo mtindo. Chukua njia moja, itembee mpaka uijue bila ramani. Mimi niliichukua ya Seyda Neen kwenda Balmora. Pale Seyda Neen kuna usafiri, mdudu mkubwa mwenye miguu mirefu kama minara, wamemchonga mgongoni abiria wanakaa humo, ukilipa anakufikisha, lakini mara zote mimi nilikwenda kwa mguu, napita Pelagiad, napita ngome ya Moonmoth, nashuka mpaka mto Odai unaoukata mji wa Balmora katikati. Nimeipita mchana, nimeipita mvua inanyesha, nimeipita usiku bila tochi. Na uwe na daftari, la karatasi, andika kwa Kiswahili ulichokiona, usiandike kilugha cha gemu. Andika "hapa pana uyoga mrefu unaoegemea barabara". Andika "mwenye duka wa hapa ana kiburi". Ukiandika kwa lugha yako ile nchi inahamia kwako, inaacha kuwa kitu cha watu wa mbali walichokutengenezea.

Kompyuta isikutishe. Gemu la mwaka 2002 hata laptopu chakavu inalibeba, na kuna programu ya bure inaitwa OpenMW iliyotengenezwa na watu wanaojitolea, unaiwekea mafaili ya gemu lako halali inalichezesha vizuri zaidi. Mafaili mazito daunilodi usiku bando linapokuwa rahisi. Na jamani kopi save zako, yale mafaili yanayotunza ulipofikia. Mimi nilikuwa nachezea kwenye kompyuta ya sehemu moja ya kulipia, siku nimefika nakuta wamefuta kila kitu, miezi saba yote imekwenda, nyumba yangu, njia zangu, majina ya watu. Tangu siku hiyo kila Ijumaa natia kwenye fleshi na nyingine kwenye simu.

Sasa nakuja kwenye lililo gumu, na hapa naomba msome polepole.

Wadunmer wana watumwa. Si zamani za hadithi, hapana, ni pale unapocheza, kuna mashamba, watu wamevalishwa bangili za utumwa, wengi ni Waargonian wenye umbo la mjusi na Wakhajiit wenye umbo la paka. Mimi mzaliwa wa mkoa huu. Pangani ipo hapo chini tu, ilikuwa bandari ya pembe na ya watumwa. Upande wa mama mimi ni Mzigua, na Wazigua karne ya 19 walibebwa na wengine wakauzwa mpaka Somalia, wakaishi kandokando ya mto Juba vizazi na vizazi. Sasa mtu kama mimi nampenda vipi mwenye kumfunga mwenzie bangili? Hili swali lilinisumbua karibu nimwache Mdunmer kabisa.

Nilichofanya, na ndicho nachokushauri kwa kabila lolote ulilolipenda, ni kucheza mara ya pili upande wa waliodhulumiwa. Anza upya ukiwa Muargonian. Utashangaa nchi ileile inavyobadilika. Barabara niliyokuwa naipita kama mwenyeji sasa kila mtu ananitazama vibaya, na hata kuvaa buti huwezi, miguu ya Muargonian haiingii kwenye viatu, kwa hiyo yale majivu yote ya Vvardenfell unayakanyaga pekupeku. Kuna kikundi cha siri kule kinaitwa Twin Lamps, kinatorosha watumwa, kitafute ukifanyie kazi. Unatafuta ufunguo, unaongea na mtu, unamfungua bangili, anaondoka. Nilimfungua mmoja kwenye pango nikakaa dakika nzima mikono haigusi kibodi.

Nilidhani baada ya hapo mapenzi yataisha. Hayakuisha, ila yaliacha kuwa ya kitoto. Nikaanza kuwapenda kama unavyompenda babu ambaye unajua alichokifanya. Usiwasafishe watu wako wa kwenye gemu, wakisafishwa wanakuwa mdoli, na anayewasafisha ataishia kugombana na kila mtu anayesema ukweli juu yao. Nimewaona hao, wanatetea hata kisichoteteeka, kisha wanachoka wanaacha gemu wakiwa na hasira.

Lingine ni siku nchi yako itakapochomwa. Jiandae, maana itachomwa, watunzi wa gemu wanapenda sana kuchoma kwao watu. Wa World of Warcraft wanaujua mwaka 2018, mti wa Teldrassil uliokuwa na mji mzima juu yake uliteketezwa, na unapewa dakika chache uokoe raia ndani ya moto, hata ufanye haraka vipi hauwamalizi. Yule jamaa wa bandani alikuwa anacheza upande wa walioanzisha ile vita na bado hajapona, anasema alihisi amechoma kwao kwa mkono wake.

Sisi wetu ulikuwa Mlima Mwekundu, ile volkano ya katikati ya Vvardenfell. Hadithi inasema miaka kama kumi hivi baada ya Morrowind jiwe kubwa lililokuwa linaelea juu ya mji wa Vivec liliangukia mji, mlima ukalipuka, kisiwa kikafunikwa na majivu, halafu Waargonian wakaingia kutoka kusini kulipiza. Waliofungwa bangili ndo waliokuja. Mimi hapo sikuweza kuwachukia hata kidogo, na bado nililia. Mambo yote mawili yalikaa pamoja.

Kwa hiyo ikitokea, usijikaze. Na usikimbilie kuangalia video za watu wanaobishana. Nenda kawatafute waliobaki. Kwenye Skyrim, gemu la baadaye la ulimwengu huohuo lililotoka Novemba 2011, wakimbizi wa Kidunmer wapo mji wa Windhelm, nchi ya baridi ya Wanord, wamerundikwa mtaa mmoja uliokuwa unaitwa mtaa wa theluji, walipokaa wao ukageuka mtaa wa kijivu. Ukiingia tu geti la mji unakuta mwanamke wa Kidunmer anatukanwa na mwenyeji. Humo mtaani kuna kilabu kinaitwa New Gnisis. Gnisis ni kijiji cha kule Vvardenfell, mimi nimeshalala pale, nimeshaongea na watu wa pale, na sasa jina limebaki kwenye mlango wa kilabu kwenye barafu. Kaa humo, usifanye misheni, agiza kinywaji uwasikilize tu. Halafu ukiwa na nyongeza ya Dragonborn ya Desemba 2012 panda meli uende kisiwa cha Solstheim, simama ufukweni uangalie kusini, utauona mlima unatoa moshi ng'ambo ya bahari. Mimi nilipouona nilizima laptopu nikaenda kukaa barazani mpaka adhana ya alfajiri.

Ukishaomboleza fanya kazi ya mikono, hii inasaidia kuliko maneno. Kuna watu wanaojitolea wanaitwa Tamriel Rebuilt, zaidi ya miaka 20 sasa wanajenga bara la Morrowind ambalo gemu lenyewe halikulionyesha, kijiji kwa kijiji, bila malipo, unaliweka juu ya gemu la zamani ukiwa na nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon. Watu wazima wenye kazi na watoto wanakaa usiku kuchonga mlango wa nyumba ya mtu asiyekuwepo. Mimi kuchonga sijui, nikaingia jikoni. Kule kuna kiazi kinachoota kwenye majivu, nikachukua viazi vikuu nikavifukia kwenye majivu ya moto, nikala na samaki wa kukaanga, dada zangu wakala na wao wakaomba tena. Na kama unataka kurudi kabla ya mlipuko, kwenye Elder Scrolls Online, gemu la mtandaoni la ulimwengu huohuo, mwaka 2017 walifungua Vvardenfell ya takriban miaka 700 kabla ya Morrowind, ule mji wa Vivec bado unajengwa. Kuingia pale ukijua kitakachokuja kunauma, lakini ingia.

La mwisho ni nyumbani. Watu wanakosea wanaanza na "kuna gemu". Ukisema gemu mtu mzima ameshafunga masikio, kwake gemu ni mtoto anayepoteza muda. Anza na watu. Mimi bibi yangu yuko Handeni, nilikwenda likizo, jioni tunapukuchua mahindi nikamwambia bibi kuna watu mlima wao ulipasuka wakakimbilia nchi ya baridi, wenyeji wakawapa mtaa mmoja mbaya, wakaita kilabu chao jina la kijiji chao. Nikamweleza na habari ya watumwa, sikuficha. Alinyamaza sana. Halafu akaniuliza, "Lugha yao wameishika?"

Mwanzo sikuelewa kwa nini ameuliza hivo. Ndo akanisimulia wale Wazigua wa Somalia, vita ya huko ilipowafukuza miaka ya 90 wengine wakarudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, hapohapo Handeni, na walipofika watu walikwenda kuwasikiliza mana walikuwa wanaongea Kizigua. Zaidi ya miaka mia moja ugenini na bado wanaongea. Bibi alisema maneno mengine waliyokuwa nayo aliyasikiaga kwa bibi yake tu.

Nikamwambia ukweli kwamba hawa wangu wametungwa, wako kwenye kompyuta. Akasema hilo ameshalielewa, yeye ameuliza lugha. Basi nikamtajia machache ninayoyajua, nikamwambia muthsera, akalirudia vizuri tu, akauliza anaitwa hivo mkubwa peke yake au hata kijana, nikamjibu yeyote anayestahili. Akaniambia nilete lile daftari langu, upande wa mbele niendelee na hao wa majivu, nigeuze nyuma niandike ya Kizigua anayonipa yeye. Ikifika Jumapili jioni nampigia simu, upande wa nyuma tumefika ukurasa wa nane.