Kabla hujamtoa mhusika Blender kumpeleka Unity

Kasoro nyingi unazoziona ndani ya Unity, injini ya kutengenezea gemu (mhusika jitu, kwapa lililobonyea, uso wenye matundu) zilizaliwa Blender, programu ya kuchonga wahusika wa 3D. Ukizitibu Unity utazitibu tena kila unapoingiza faili jipya, na faili la mhusika huingizwa upya mara nyingi kuliko unavyodhani. Kwa hiyo kagua yafuatayo kabla hujagusa kitufe cha kutoa FBX (faili linalombeba mhusika kati ya programu hizo).

Cha kwanza ni kipimo. Programu zote mbili huhesabu kizio kimoja kuwa mita moja, hivyo mtu mzima awe na urefu wa 1.7 au 1.8 hivi. Bonyeza N usome mstari wa "Scale", kwenye meshi (umbo lenyewe la mhusika) na kwenye mifupa (kiunzi kinachoisogeza) pia. Ikiwa si 1.000 katika pande zote tatu, chagua vyote viwili, bonyeza Ctrl+A, kisha "Rotation & Scale". Hili lifanywe kabla ya animesheni. Tuseme mifupa ina skeli ya 0.1 na tayari umeshamrusha mhusika juu nusu mita. Ukiaplai skeli sasa, mifupa inabadilishwa hesabu zake lakini funguo za mwendo zinabaki na namba ileile ya 5 (nusu mita kugawanya kwa 0.1), naye atajirusha mita tano.

Skeli hasi, ile inayobaki baada ya kugeuza mkono wa kushoto kuwa wa kulia, hupindua nyuso za meshi, yaani vipande bapa vinavyoiunda. Blender huonyesha pande zote mbili za uso kwa hiyo hutaona kitu. Unity kwa kawaida haichori upande wa nyuma, na hapo ndipo matundu yanapojitokeza. Washa "Face Orientation": buluu ni nje, nyekundu ni ndani. Palipo na wekundu, ingia hali ya kuhariri, chagua nyuso zote na ubonyeze Shift+N.

Modifaya (zana zinazobadilisha umbo bila kuigusa meshi ya asili) zina mtego mmoja unaowakamata hata wazoefu. Kitoa-FBX huaplai modifaya chenyewe, lakini tatizo huja pale meshi inapokuwa na shepukii (maumbo ya ziada yaliyohifadhiwa), zile za kufumba macho na kutamka. Kuaplai huko huzuia shepukii zisitoke, na ukikuzima ili kuziokoa, modifaya zote zinaachwa. Kama bado unatumia kioo cha Mirror, kinachonakili nusu moja ya mwili kuwa ya pili, mhusika atafika Unity na nusu ya uso. Kwa hiyo Mirror iaplaiwe kabla ya shepukii ya kwanza kutengenezwa, kwa sababu baadaye Blender yenyewe hugoma. Subdivision, inayogawanya nyuso ili umbo lilainike, nayo ihesabiwe: kila ngazi huzidisha nyuso mara nne, kwa hiyo meshi ya nyuso 8,000 za pembe nne inakuwa 32,000, yaani pembetatu 64,000. Kwa gemu ya simu huo ni mzigo mkubwa kwa mhusika mmoja.

Sasa mifupa, ambako kazi ipo hasa. Unity kwa kawaida huruhusu kila nukta ya meshi ivutwe na mifupa minne tu. Chukua nukta moja ya kwapani na uzito wa kila mfupa unaoivuta: bega 0.30, mkono 0.25, kifua 0.20, shingo 0.15, mgongo 0.10. Ule wa tano unatupwa, na minne iliyobaki inakuzwa hadi jumla irudi 1, kwa hiyo bega linapanda hadi 0.33 bila wewe kuulizwa. Nukta moja haidhuru, ila mia moja zilizo jirani zikifanyiwa hivyo, kwapa linabonyea kila mkono unapoinuka. Tumia "Limit Total" ukiweka 4, kisha "Normalize All", halafu inua mkono hukohuko Blender uone. Angalia pia mipangilio ya ubora ya mradi wa Unity, maana inaweza kushusha idadi hadi miwili au mmoja.

Ukitaka mfumo wa Humanoid (ule wa Unity kwa wahusika wenye umbo la binadamu), unahitaji mifupa 15 kwa uchache, na pozi la T, mikono imenyooshwa pembeni. Majina ya Kiingereza yenye alama ya upande, kama UpperArm.L, huipa Unity urahisi wa kuitambua. Mfupa ulioitwa mkono_juu jiandae kuuunganisha mwenyewe. Wakati wa kutoa, zima "Add Leaf Bones", la sivyo kila ncha ya kidole itaota kifupa cha ziada. Washa "Only Deform Bones", lakini usiitegemee isafishe kila kitu: mfupa usiopinda meshi hubaki iwapo una mtoto (mfupa ulioungwa chini yake) anayepinda. Waliotumia Rigify, zana ya Blender ya kuunda mifupa, hulikuta hili mapema.

Vidhibiti vya IK (vinavyosogeza mguu au mkono mzima kwa kuvuta ncha yake) havisafiri. Kinachosafiri ni mwendo uliookwa, yaani uliorekodiwa fremu kwa fremu, kwa hiyo weka "Simplify" iwe 0 kama nyayo zinateleza. "All Actions" nayo hubeba hata yale majaribio ya wiki iliyopita, hivyo yafute kwanza.

Materiali zenye nodi za kelele na rangi za kuchanganya haziji kabisa. Zioke ziwe picha za 1024 au 2048. Picha ya normali (inayoigiza mabonde na matuta) ya Blender inaiva Unity kama ilivyo. Unreal, injini nyingine ya gemu, hutaka chaneli ya kijani igeuzwe. Ukwaru nao lazima ugeuzwe kinyume, kwa kuwa materiali za kawaida za Unity husoma ulaini, na mara nyingi huutafuta kwenye chaneli ya alfa ya picha ya metali.

Kwenye dirisha la kutoa, chagua "FBX All" katika "Apply Scalings" ili usikute skeli ya 100. Usivutwe na "Apply Transform": Blender yenyewe inaonya kuwa huharibu mifupa na animesheni. Kama mzunguko wa -90 unakukera, weka alama kwenye "Bake Axis Conversion" upande wa Unity.

Toa faili la majaribio mapema, kabla ya nguo na nywele, umsimamishe mhusika kando ya kapsuli ya Unity, ambayo ina mita 2. Na toleo jipya likija, liandike juu ya lile la zamani kwa jina lilelile kutoka nje ya Unity. Ukilifuta kwanza ndani ya Unity, faili la .meta (linaloitambulishia Unity faili hilo) linaondoka nalo, na kila sini (mandhari ya gemu) iliyomtumia mhusika huyo itabaki na pengo.