Kabla ya kununua spika mpya, pima sebule

Zile spika zangu za kwanza za kusimama zilinifika kiunoni, kila moja na wufa (koni kubwa za kutoa besi) mbili za inchi 8. Dukani ziliunguruma vizuri ajabu. Sebuleni kwangu, ambamo hatua nne tu zinakutoa ukuta hadi ukuta, besi ilivimba mpaka maneno ya mwimbaji yakamezwa. Mke wangu alivumilia wiki mbili, kisha akauliza kama makabati hayo yana droo.

Siku hizi naanza na chumba. Kikiwa kidogo, spika za rafu zenye wufa ya inchi 5 au 6 zinatosha kabisa. Angalia pia tundu la hewa. Likiwa nyuma, spika isibanwe ukutani, la sivyo besi itajaa kupita kiasi. Huna nafasi? Tafuta yenye tundu mbele, au isiyo na tundu.

Halafu geuza amplifaya usome mgongoni. Ikiandikwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 8 hadi 16, usiiunganishe na spika za omu 4, itachemka. Wati kubwakubwa za kwenye boksi wala hazinisumbui. Natafuta desibeli: sauti inayotoka kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya nguvu inayotumiwa na ya 87 kufikia sauti ileile. Na usidhani amplifaya ndogo haiunguzi spika. Ukiikamua kupita uwezo wake, sauti inaanza kukwaruza, na twita, zile koni ndogo za sauti nyembamba, ndizo hufa kwanza.

Kusikiliza nenda na nyimbo unazozijua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mwombe muuzaji alinganishe ukubwa wa sauti wa jozi zote, maana inayopiga juu kidogo hulihadaa sikio. Mimi huanza na mtu anayeongea tu. Akisikika kama yumo ndani ya pipa, jozi hiyo naiacha.

Ukinunua zilizotumika, vua kitambaa cha mbele uguse ukingo wa wufa taratibu. Sponji ikimeguka kidoleni, hesabu na gharama ya fundi.

Nyumbani, twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, na nafasi kati ya spika mbili ikaribiane na umbali wa kila moja hadi kwako. Besi ikiwa hafifu kuliko ulivyoisikia dukani, kagua nyaya kwanza: mara nyingi nyekundu na nyeusi zimepishana upande mmoja. Niliwahi kuishi na kosa hilo mwezi mzima.